Minyoo Haisubiri Darasa la Kwanza

Mvua za Novemba zikishika Tabora, mambo mawili hutokea pamoja: vumbi la kiangazi linatulia, na miembe inaanza kudondosha maembe. Kuanzia Isevya hadi Ng'ambo, kuanzia Cheyo hadi kule Kwihara, watoto wadogo huamka mapema ili kuwahi chini ya miti. Embe lililodondoka usiku hufutwa kwenye gauni au kaptura, hung'atwa upande ulioiva, na safari ya kwenda kwenye kituo cha kulelea watoto, kwa mwalimu, inaendelea.

Msimu huohuo ndio ambao ardhi hupokea mayai ya minyoo vizuri zaidi. Minyoo inayosababisha safura hustawi kwenye udongo wa kichanga wenye unyevu, joto na kivuli, na chini ya miembe ya Unyanyembe, eneo hili la Tabora, sifa hizo zote hupatikana mvua zinapokuwa zimekolea. Yai la minyoo hiyo likianguka na kinyesi katika udongo wa namna hiyo, huanguliwa ndani ya siku moja au mbili. Baada ya siku 5 hadi 10 kiluwiluwi chake kinaweza kupenya ngozi ya unyayo. Na mvua hizohizo ndizo zinazowaita akina mama shambani. Urambo, Kaliua na Sikonge ni wakati wa tumbaku na mahindi. Mjini ni wakati wa kuhangaika na biashara ndogondogo kabla barabara hazijaharibika. Mtoto anaachwa kituoni.

Wasikilizaji wapenzi, mazungumzo ya leo yanawahusu watoto hao, wa miaka miwili hadi mitano, ambao bado hawajaanza shule ya msingi lakini tayari wanashinda mchana kutwa pamoja na watoto wenzao, chini ya uangalizi wa mlezi mmoja au wawili.

Kwa wanafunzi wa shule za msingi Tanzania imejipanga. Kupitia mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yasiyopewa kipaumbele, dawa hufikishwa shuleni, watoto hupanga mstari, na kila mmoja humeza kidonge cha albendazole mbele ya mwalimu. Kwa walio chini ya miaka mitano upo utaratibu wa pili: mara mbili kwa mwaka, Juni na Desemba, watoto wa miezi 12 hadi 59 hupewa dawa ya minyoo pamoja na matone ya vitamini A. Utaratibu huu ni mzuri, ila unamtegemea mzazi ampeleke mtoto. Chanjo ya pili ya surua na rubela hutolewa mtoto akiwa na miezi 18, na baada ya hapo akina mama wengi huona kazi ya kliniki imekwisha. Mtoto wa miaka mitatu anakuwa ametoka mikononi mwa kliniki, na mikononi mwa shule hajafika. Katika miaka hiyo ya katikati ndipo anapocheza chini, anapotia kila kitu mdomoni na anapojifunza kutumia choo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo, na kwamba zaidi ya watoto milioni 260 walio chini ya umri wa kwenda shule wanaishi katika maeneo ambayo maambukizo yake ni makali. Minyoo hiyo ni ya aina tatu kubwa. Upo mnyoo wa duara, unaoweza kufika sentimita 35, ambao jike lake hutaga hadi mayai 200,000 kwa siku moja. Upo mnyoo mjeledi, unaojichomeka kwenye ukuta wa utumbo mpana. Na ipo minyoo ya safura, yenye urefu wa sentimita moja hivi, inayong'ata utumbo na kunyonya damu.

Kituoni kuna wengine wanaoongezeka. Minyoo midogo myeupe, ambayo mama huiona usiku kwenye makalio ya mtoto anayejikuna, haihitaji udongo hata kidogo. Jike hutoka usiku kutaga pembezoni mwa njia ya haja, mtoto anajikuna, mayai yanaingia chini ya kucha, na saa chache baadaye yako tayari kumwambukiza mtoto mwingine kupitia mkeka, shuka au mwanasesere. Vilevile wapo vijidudu visivyoonekana kwa macho: amiba na jiadia. Jiadia inahitaji vijidudu vichache sana, hata kumi tu, ili kumfanya mtoto aharishe, na nchi tajiri zenye vituo vya vigae na maji ya bomba bado zinahangaika nayo miongoni mwa watoto wanaovaa nepi. Kwa hiyo jambo hili si aibu ya maskini. Ni jambo la watoto wadogo kukaa wengi mahali pamoja.

Tabora ina sababu ya kulielewa hilo kuliko miji mingi. Katika karne ya 19, wakati Wazungu wakiiandika kwa jina la Kazeh, hapa ndipo njia ya kutoka Bagamoyo ilipogawanyika, moja kuelekea Ujiji na nyingine kuelekea Karagwe na Buganda. Misafara ya mamia, pengine maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, ilipiga kambi mahali palepale ilipokuwa imepiga kambi misafara iliyotangulia, ikachota maji kwenye visima vilevile, ikajisaidia kwenye vichaka vilevile. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alichapisha kitabu mwaka 1876 akifuatilia jinsi kipindupindu kilivyosafiri Afrika Mashariki kwa kufuata miguu ya wasafiri hao. David Livingstone, aliyekaa Kwihara kwa miezi kadhaa mwaka 1872 akisubiri wapagazi, aliteswa na maradhi ya matumbo na kutokwa damu hadi kufa kwake Mei 1873. Mwili wake, uliobebwa na watumishi wake, akina Susi na Chuma, ulipitishwa Unyanyembe kabla ya kufikishwa pwani. Ugonjwa unaotoka tumboni mwa mmoja na kuingia kinywani mwa mwingine hufuata mkusanyiko wa watu. Leo mkusanyiko huo uko katika chumba kimoja chenye watoto thelathini.

Jambo la kwanza linaloongeza hatari ni choo. Vituo vingi katika miji yetu huanzia kwenye nyumba ya kupanga, na choo ni kile cha shimo ambacho wapangaji wote wanakitumia. Tundu lake lilichimbwa kwa ajili ya mtu mzima. Mtoto wa miaka mitatu analiogopa, na ana haki ya kuliogopa. Basi huchuchumaa nyuma ya choo, au mlezi humwambia ajisaidie uani kisha kinyesi kifukiwe kwa jembe. Wazee wengi bado wanasema kinyesi cha mtoto mdogo hakina madhara. Ukweli ni kinyume: watoto ndio mara nyingi wenye mayai mengi ya mnyoo wa duara, na kinyesi kikifukiwa juujuu mayai yake hayafi. Mayai ya mnyoo huo huiva udongoni kwa wiki mbili hadi nne, na katika udongo mzuri yanaweza kudumu miaka. Uwanja wa michezo uliochafuliwa mwaka huu unaweza kumwambukiza mtoto atakayeandikishwa mwakani.

La pili ni sakafu na miguu. Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Kijerumani Arthur Looss, akiwa maabara Cairo, alimwagikiwa mkononi na maji yenye viluwiluwi vya safura. Ngozi ilimwasha na kuwa nyekundu, na baadaye alipopima choo chake mwenyewe akakuta mayai. Hivyo ndivyo dunia ilivyojua kwamba safura haiingii kwa kinywa peke yake. Inapita kwenye ngozi, inasafiri na damu hadi mapafuni, inapanda kooni, inamezwa. Mtoto anayecheza peku kwenye uwanja wenye kivuli na unyevu anaurudia mkasa wa Looss kila siku. Ndani ya jengo nako kuna tofauti. Uchambuzi wa takwimu za kaya kutoka Bangladesh na Kenya, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kuwa watoto wanaoishi katika nyumba zenye sakafu ngumu wana maambukizo machache ya minyoo kuliko wale wanaokaa juu ya udongo mtupu. Sakafu ya saruji inaoshwa na kukauka. Ya udongo inamwagiwa maji kutuliza vumbi, na maji hayohayo yanatunza unyevu ambao mayai yanautaka.

Kisha yapo maji na mikono. Kwa miaka mingi Tabora ilitegemea mabwawa ya Igombe na Kazima, na kiangazi kilipokuwa kirefu foleni za ndoo zilijulikana. Mradi wa kuleta maji ya Ziwa Victoria hadi Tabora, Nzega na Igunga, uliozinduliwa Januari 2021, umebadilisha mengi. Hata hivyo bomba kufika mtaani si sawa na maji kufika kwenye vidole vya mtoto. Katika vituo vingi maji huhifadhiwa kwenye ndoo moja, na watoto huchota kwa kikombe kimoja, mkono ukizama hadi kwenye kifundo. Kabla ya uji, mlezi huwanawisha watoto wote kwenye beseni moja bila sabuni. Wa kwanza ananawa maji safi, wa mwisho ananawa uchafu wa wenzake wote. Hapo kunawa kunageuka kuwa njia ya kuambukizana.

La nne, na pengine ndilo zito kuliko yote, ni kazi za mlezi. Mwanamke mmoja huyohuyo anapokea watoto, anawaimbisha, anambadilisha nguo aliyejichafua, kisha anakoroga uji. Asipokuwa na sabuni na maji yanayotiririka karibu na mahali anapomsafishia mtoto, mikono yake ndiyo inayofikisha kinyesi cha mtoto mmoja kwenye vikombe vya watoto wote. Hakuna uovu wala uzembe hapo. Ni mtu mmoja aliyebebeshwa kazi za watu watatu, mara nyingi kwa ada ambayo wazazi wenyewe huilipa kwa kuchelewa.

Na kuna chakula kinacholiwa bila kupikwa tena. Maembe ya kuokota tumeshayataja. Matobolwa, yale ya viazi vitamu vilivyochemshwa, kukatwa na kukaushwa, ni kitafunwa kizuri na chenye nguvu, lakini yakianikwa chini mahali ambapo kuku na inzi hupita, hayaoshwi tena kabla ya kuliwa. Wapo pia watoto wanaokula udongo wenyewe. Utafiti uliofanyika magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 uliwafuatilia wanafunzi waliokuwa na tabia hiyo, ukakuta kwamba baada ya kutibiwa waliambukizwa tena mnyoo wa duara kwa wingi kuliko wenzao. Mtoto anayekula udongo mara nyingi ana upungufu wa madini ya chuma. Kumchapa hakumwongezei damu. Apelekwe zahanati akapimwe.

Madhara yake hayaonekani haraka, na ndiyo maana yanavumiliwa. Mtoto mwenye safura hufifia polepole: vidole na kope vinakuwa vyeupe, anachoka mapema, anakaa pembeni wenzake wakikimbia. Huko Haydom, mkoani Manyara, watoto walifuatiliwa tangu kuzaliwa katika utafiti uliohusisha vituo vinane vya nchi mbalimbali. Matokeo ya utafiti huo yalionyesha kwamba walioambukizwa jiadia mapema na kukaa nayo walikuwa wafupi zaidi walipofika miaka miwili, hata kama hawakuwa wakiharisha. Kisiwani Pemba, majaribio yaliyochapishwa mwaka 2004 yaliwapa watoto wadogo dawa ya minyoo kila baada ya miezi mitatu. Hamu ya kula iliongezeka, na miongoni mwa walio wadogo zaidi ukondefu na upungufu wa damu vilipungua. Wataalamu wanabishana kuhusu ukubwa wa faida ya kugawa dawa kwa watoto wote bila kuwapima kwanza. Habishi mtu kwamba mtoto mwenye minyoo mingi anaumia. Na katika nchi ambayo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano wamedumaa, hakuna chakula cha kuwagawia minyoo.

Mbona basi dawa isitoshe? Uchambuzi mmoja mkubwa wa mwaka 2012, uliokusanya tafiti nyingi, unatoa jibu. Miezi 12 baada ya watu kutibiwa, maambukizo ya mnyoo wa duara yalikuwa yamerudi hadi asilimia 94 ya kiwango cha awali, mnyoo mjeledi asilimia 82, na safura asilimia 57. Zaidi ya hayo, dozi moja ya albendazole haimmalizi mnyoo mjeledi ipasavyo, na jiadia haiponi kwa kidonge kimoja. Dawa inamtua mtoto mzigo kwa muda. Kama kitakachomkuta kesho ni uwanja uleule, ndoo ileile na mikono ileile, mzigo utarudi.

Usafi nao, ukifanywa nusunusu, hautoshi. Katika majaribio makubwa yaliyofanyika vijijini Bungoma, Kakamega na Vihiga nchini Kenya, na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2019, kusafisha maji ya kunywa peke yake kulipunguza mnyoo wa duara kwa asilimia 18. Maji, choo na kunawa mikono vilipowekwa pamoja, upungufu ukawa asilimia 22. Choo peke yake, au kunawa peke yake, hakukuonyesha upungufu. Jiadia haikutikisika. Somo lake ni kwamba kazi ya nyumba mojamoja inakwenda taratibu, na mambo haya yafanywe kwa pamoja, pamoja na dawa. Kituo cha watoto kina nafasi ambayo nyumba haina: mlezi mmoja akibadilisha utaratibu wa asubuhi, watoto wote wa kituo wamebadilishiwa siku hiyohiyo.

Ipo mikanganyiko ya kuondoa njiani. Mama humwambia mlezi, "Mwalimu, mwanangu anasaga meno usiku, ana minyoo huyu." Mlezi hujibu, "Basi punguza sukari, mama." Wote wawili wanampenda mtoto, lakini sukari haizai minyoo, minyoo hutoka kwenye mayai yaliyomezwa au viluwiluwi vilivyopenya ngozi. Kusaga meno kuna sababu nyingi, na wapo watoto wenye minyoo tele wanaolala kimya. Wapo pia wanaoamini kwamba kila mtu ana minyoo yake inayomsaidia kusaga chakula, na kwamba kuitoa yote ni hatari. Hakuna mnyoo unaomsaidia mtoto kusaga chakula.

Redio iliwahi kutoa elimu ya namna hii kwa upana wa nchi nzima. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, wiki 12 mfululizo, wakijadili malaria, kuhara, safura, kichocho na kifua kikuu. Vikundi havikuishia kusikiliza. Baada ya kipindi watu walichukua majembe wakachimba vyoo. Mwaka 2024 Serikali ililirudisha jina hilo kwa kampeni mpya ya usafi. Tofauti na mwaka 1973 ni kwamba sasa watoto wengi wadogo hawashindi tena nyumbani na bibi. Kampeni inayokagua kaya na kupita mlango wa kituo cha watoto bila kubisha hodi itakuwa imewaacha nje walio hatarini zaidi.

Vifaa vinavyohitajika vinapatikana Tabora. Kibuyu chirizi hutengenezwa kwa dumu la lita tano, kamba na kijiti cha kukanyaga, na sabuni ya kipande huning'inizwa pembeni. Maji yanatiririka na hakuna anayeshika dumu. Ndoo ya maji ya kunywa iwe na koki na mfuniko, na maji yawe yamechemshwa, kwa sababu klorini ya kawaida haiaminiki dhidi ya jiadia. Poti mbili tatu kwa watoto wanaoogopa shimo, na kinyesi chake kimwagwe chooni, si uani. Kucha zikatwe kila Jumatatu. Ndala zivaliwe uani na chooni. Maembe yaoshwe au yamenywe. Mikeka ianikwe juani, na anayesafisha watoto asiwe ndiye anayepika siku hiyo; kama hakuna wa kumpokea, sabuni iwe mahali pawili, karibu na choo na karibu na jiko.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka vituo hivi visajiliwe na kukaguliwa, na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri wana mamlaka ya kuvitembelea. Programu ya taifa ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021, imeweka afya, lishe na ulinzi wa mtoto katika kapu moja. Basi ukaguzi usiishie kwenye cheti ukutani na rangi ya jengo. Ofisa aombe kuona mahali watoto wanaponawa, aangalie choo wanachotumia, aulize lini mara ya mwisho walipewa dawa.

Ombi la mwisho ni kwa wenye vituo, walezi na wazazi wa Tabora na kwingineko. Kabla ya Juni na kabla ya Desemba, mwenye kituo aende zahanati ya karibu aombe mhudumu wa afya aje kituoni na albendazole na vitamini A, na wazazi watie saini ya kukubali mapema. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili hupewa nusu ya dozi, miligramu 200. Aliyetimiza miaka miwili hupewa miligramu 400. Kwa walio chini ya miaka mitatu kidonge kisagwe na kuchanganywa na maji ili kisiwapalie, na mtoto anayelia asilazimishwe kumeza, asubiriwe atulie. Wiki hiyohiyo ya dawa, kibuyu chirizi kifungwe karibu na choo.